Zahra auliza: chura hukumbuka alipokuwa kiluwiluwi? Na nyuti ni mjusi au si mjusi?

#1 BabaZahra (Kisauni)
Salaam wanajamvi. Nna binti wa miaka sita. Mvua ya wiki jana imetuachia dimbwi nyuma ya nyumba, usiku kucha ni vyura, na kukicha yeye yuko pale kachuchumaa. Juzi mjombake akamwonyesha kwenye simu picha za nyuti, yule mnyama wa madimbwi ya Uingereza: mwili mwembamba, mkia bapa kama wa samaki, miguu minne, tumbo la rangi ya chungwa lenye madoa meusi. Zahra akapiga ukelele, "Baba, mjusi kafiri yuwaogelea!"

Nikamwambia huyo si mjusi, ni jamaa ya chura. Akaniuliza: kama ni jamaa ya chura, mbona mkia wake haukutoka? Kabla sijajibu akaongeza: na chura, yuwakumbuka alipokuwa kiluwiluwi?

Hapo nilinyamaza. Sitaki kumwambia "Mungu ndiye aliyeumba" ili nimfunge mdomo. Ndiye aliyeumba, na mtoto ataka kujua ameumbaje. Nyinyi mungemwelezaje?

#2 MamaSwabra
Miaka sita bado mdogo. Mwambie ni mjusi wa maji, mengine atayasoma akikua. Wangu nilimwambia pomboo ni samaki na hakuharibikiwa na kitu.

#3 MwalimuMtongwe
MamaSwabra, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na kazi ngumu kuliko zote ni kumtoa mtoto kwenye jambo aliloambiwa na mtu anayempenda.

BabaZahra, tumia vilivyo nyumbani. Sogeza kabati. Nyuma yake hukosi mayai ya mjusi kafiri, meupe, magumu, aghlabu mawili yamegandana. Mpe Zahra ayashike. Kisha mshuke dimbwini aone mayai ya chura: ute mtupu, na ndani kitone cheusi. Yai la mjusi lina gamba, ndiyo maana lakaa ukutani pakavu mpaka liangue. Yai la chura halina gamba, na la nyuti pia halina. Likikauka limekufa. Hapo tayari mtoto ameelewa kwa nini mmoja ahitaji dimbwi na mwingine atosheka na kabati lako.

Halafu ngozi. Mjusi ana magamba na kucha. Nyuti ana ngozi laini yenye unyevu, vidole visivyo na kucha, na sehemu ya hewa anayovuta hupita humo humo ngozini. Miguu minne na mkia ni sura tu. Popo na kunguru wote wana mabawa, na hatujasikia mtu akimwita popo kunguru.

Na hili atalipenda: nyuti jike hutaga yai moja moja, na kila yai hulikunjia ndani ya jani la mmea wa majini kwa miguu yake ya nyuma. Mwonyeshe mamake anavyokunja sambusa, kisha umwambie afikirie kuifanya kazi hiyo kwa miguu, chini ya maji, mara mia mbili.

#4 Mwanatanga
Wakuu, naomba tuanze na jina. Mimi nimekuta vitabuni "salamanda". Hili "nyuti" mmelitoa wapi?

#5 MwalimuMtongwe
Swali zuri. Nyuti ni aina ya salamanda anayerudi majini kuzaliana. Kila nyuti ni salamanda, lakini si kila salamanda ni nyuti, kama vile kila changu ni samaki na si kila samaki ni changu. Amfibia, yaani chura na jamaa zake wote, kwa jumla ni zaidi ya spishi 8,000, katika makundi matatu. Vyura peke yao ni zaidi ya 7,000. Salamanda na nyuti ni takriban 800. Kundi la tatu ni sesilia, wasio na miguu kabisa, 200 na ushei.

#6 NahodhaMstaafu
Mimi sikusoma biolojia, nimesoma bahari. Hapa Pwani kila mvuvi amjua bunju. Akiingia wavuni hutupwa, kwa sababu sumu yake huua mtu, na hakuna dawa ya kuiondoa. Sasa sikilizeni: kuna nyuti wa magharibi ya Marekani, mwenye ngozi ya vipele na tumbo la rangi ya chungwa, sumu yake ni ile ile ya bunju. Ile ile hasa. Akitishwa hukunja mgongo na kuinua kidevu ili tumbo lionekane, kama mtu anayepandisha bendera ya hatari. Yupo nyoka mmoja huko ambaye amezoea kumla na hafi. Mwingine akijaribu amekwisha.

Mwambie Zahra rangi ya chungwa chini ya tumbo si pambo.

#7 MamaSwabra
Haya, sasa mmenitisha. Kumbe ni sumu? Basi hao vyura wa dimbwini mtoto asiwashike. Na chura akimkojolea mtu si atatoka chunjua?

#8 MuuguziBamburi
Chunjua hutokana na virusi vya binadamu, huambukizwa na mtu mwenziwe, taulo, sakafu ya bafu. Chura hana mkono hapo. Vile vipele vya mgongoni mwa chura ni tezi zake mwenyewe.

Ila tezi hizo zina utomvu mbaya, hasa yale mafurushi mawili nyuma ya macho ya chura mkubwa wa nyumbani. Ukiingia machoni huwasha sana. Basi kanuni ya nyumbani kwangu ni hii: mkono ulowe maji kwanza, chura ashikwe kidogo arudishwe, kisha mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Kuulowesha mkono ni kwa faida ya chura, kwa kuwa ngozi yake hunyonya kila kitu, chumvi ya jasho na mafuta ya kujipaka pia. Chura hanywi maji kwa mdomo, huyanywa kwa ngozi. Watoto wanaowamwagia chumvi wakicheka hawajui wanafanya nini. Waambieni. Ni mateso makubwa.

#9 BabaZahra
Shukrani nyote. Mayai ya mjusi tumeyapata, matatu, nyuma ya picha ya ukutani. Amelala nayo ndani ya kibweta cha pete. Lakini la mkia bado lanidai.

#10 KijanaWaTudor
La mkia ni rahisi. Ukikatika mguu unatoka. Mimi nimewahi kuona chura mdogo ana kipande tu kimebaki, kilikuwa kinakaribia kuanguka.

#11 MwalimuMtongwe
Ndugu yangu, ulichokiona ni kweli, ulivyokieleza ndipo penye kasoro. Mkia wa kiluwiluwi hauanguki. Mwili huumeza taratibu kutoka ndani. Siku hizo hali chakula kabisa, kwa kuwa mdomo wa kukwangua mwani unageuka kuwa mdomo wa kukamata nzi, na utumbo mrefu wa mla majani unafupishwa. Sasa atakula nini? Atakula mkia wake, bila kuutia mdomoni. Kile kipande ulichokiona ni akiba ya mwisho.

Nyuti hapiti njia hiyo. Tangu mdogo ni mla nyama, amejaa umbo la mamake, ila ana matamvua ya kupumulia, matatu kila upande wa shingo. Akikua matamvua ndiyo hupotea, mkia hubaki kwa sababu ndio kasia lake. Kuna jambo jingine la kumwonyesha mtoto: kiluwiluwi wa chura huonekana ametoa miguu ya nyuma kwanza, mtoto wa nyuti hutangulia ya mbele.

#12 KijanaWaTudor
Nimekubali, mwalimu. Miaka yote nilikuwa nasubiri mkia uanguke.

#13 MKwale
Mimi ni wa Kwale, karibu na msitu wa Shimba Hills. Huku chura wengine hawatagi dimbwini kamwe. Masika yakianza, angalia matawi yaliyoinamia maji: utaona povu jeupe kubwa kama ngumi mbili. Jike hulipiga kwa miguu ya nyuma mpaka lisimame kama yai linalopigwa la keki, na mayai yamo ndani. Nje hukauka kidogo, ndani mna unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka mmoja mmoja, tap, tap, majini. Nimesimama chini ya mti ule nikiwa mdogo na hadi leo nikisikia tone la maji usiku hukumbuka.

Msitu huu una chura wake mdogo wa matete ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Mleteni Zahra.

#14 DadaChangamwe
Jamani, ngojeni. Mwalimu hapo #5 ametaja sesilia akapita mbio, na hapo ndipo penye hazina yetu. Kuna sesilia jina lake la kisayansi ni Boulengerula changamwensis. Changamwe! Aliyemweleza ni Arthur Loveridge, mwaka 1932, kutokana na mnyama aliyepatikana hapa hapa Changamwe. Shimba Hills pia yupo. Ni mwembamba, hana miguu, hana mkia wa maana, macho yamefunikwa, ana pete pete mwilini. Ukimfukua utasema nyungunyungu.

Nilipolisoma nililia kidogo, sioni haya kusema. Nimezaliwa Changamwe, nimekulia kwenye moshi wa malori na mapipa ya mafuta, na sijawahi kuambiwa kwamba udongo ule una mnyama aliyepeleka jina letu kwenye vitabu vya dunia.

#15 MtuWaLikoni
Hongera Changamwe, leo mmepata la kutuzidi. Sisi tuna feri tu.

#16 MKwale
DadaChangamwe, huyo huku wazee wakimfukua humkata kwa jembe wakidhani ni nyoka. Hana sumu ya kumdhuru mtu, hana haja na mtu. Anakula mchwa na nyungunyungu.

#17 Mghanga_Voi
Na sisi Wataita tusisahauliwe. Milimani kwetu kuna ndugu yake, rangi ya buluu iliyokoza, humwona sana ukilima shamba lenye mboji. Huyu hutaga mayai ndani ya udongo, na watoto wakianguliwa mama hana maziwa. Ngozi yake ya juu hunenepa, hujaa mafuta, na watoto wana meno maalumu ya kuikwangua. Wanamla mama ngozi, naye amelala kimya, kisha ngozi huota tena. Habari hii ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2006, na utafiti ulihusu sesilia wa milima ya Taita hasa. Mlima Sagalla, ng'ambo tu ya Voi, una wake mwingine aliyeelezwa mwaka 2005, hayupo mahali pengine popote.

Kwa mtoto wa miaka sita sijui kama utaianza na hii.

#18 MamaSwabra
Anza na hiyo hiyo. Nimemsomea Swabra, akaja akanishika mkono, akaugusa, akaniuliza kama aliniuma alipokuwa mchanga. Nikamwambia kidogo.

#19 BabaZahra
Sasa Zahra ameleta jingine. Mbona nyuti hawako Kisauni? Nikamwambia kuna joto. Nimesema kweli?

#20 Mwanatanga
Umesema kweli, mkuu. Wapenda baridi. Ndiyo maana wamejaa Ulaya, China, Japani, Marekani.

#21 MwalimuMtongwe
Joto peke yake halitoshi. Salamanda wapo misitu ya joto ya Amerika ya Kusini, mpaka Brazili na Bolivia. Na Afrika wapo, ila kule juu tu: Moroko, Algeria, Tunisia. Kusini ya Sahara hakuna hata mmoja. Maelezo ninayoyaona vitabuni ni kwamba jamii yao ilizaliwa kwenye mabara ya kaskazini baada ya nchi kavu ya dunia kugawanyika, na wale wa Amerika ya Kusini walihamia baadaye kutoka kaskazini. Huku kwetu Sahara ikawafungia mlango.

#22 Mghanga_Voi
Mwalimu, hapo pana mfupa. Mfupa kweli kweli: visukuku vya jamii ya salamanda vimechimbuliwa Sudan na Niger, vya zama za dinosaria. Basi waliwahi kuwako. Kama walikuwako, swali ni kilichowaondoa.

#23 Mwanatanga
Ukame. Sahara ilipokauka.

#24 Mghanga_Voi
Sahara ilikauka juzi juzi ukilinganisha na zama hizo. Katikati hapo ni makumi ya mamilioni ya miaka.

#25 MKwale
Huenda vyura na sesilia walishachukua nafasi zote. Udongo wenye unyevu una mwenyewe, dimbwi lina mwenyewe.

#26 MwalimuMtongwe
Brazili nako kuna vyura na sesilia tele, na salamanda wameingia. Sioni kama jibu lako lakamilika, wala langu.

#27 NahodhaMstaafu
Na mbona hakuna chura baharini? Mombasa ni kisiwa, vyura tunao bara na visimani, ufuoni hakuna. Ngozi yao hiyo hiyo, au vipi Muuguzi? Chumvi humvuta maji mwilini.

#28 MuuguziBamburi
Ndivyo, mzee. Na hata kisima kikiingia chumvi, mayai yao hayaponi. Ila msimwambie mtoto "hakuna kabisa", kwa maana yupo chura wa kusini-mashariki ya Asia anayeishi kwenye mikoko na hula kaa. Mwili wake hujaza urea kwenye damu ili chumvi isimkaushe.

#29 KijanaWaTudor
Mikoko ya Tudor iko tayari kumpokea.

#30 MuuguziBamburi
Abaki kwao, ndugu yangu. Ugonjwa wa kuvu unaomaliza vyura duniani umesafiri hivyo hivyo, mtu akimhamisha mnyama.

Na BabaZahra, kama umetia viluwiluwi kwenye beseni, hakikisha ni wa chura. Wa mbu nao twawaita viluwiluwi. Wa mbu ananing'inia juu akipumua kwa mkia, hujipinda pinda. Wa chura ana kichwa cha duara na anakwangua chini. Funika beseni kwa kitambaa cha chandarua. Homa ya dengi tunaijua mji huu. Na maji ya mfereji yenye klorini yakae siku moja wazi kabla ya kuyatia.

#31 BabaZahra
Nimefunika. Sasa tumefika kwenye swali lake la kwanza, na hakuna aliyeligusa: chura yuwakumbuka?

#32 KijanaWaTudor
Hapana. Mwili wote umegeuzwa, mdomo, utumbo, mapafu. Nani abaki kukumbuka?

#33 MwalimuMtongwe
Ubongo haubomolewi, hurekebishwa. Mwenyewe ni yule yule. Na nyuti wana kumbukumbu ya kushangaza. Kuna nyuti wa tumbo jekundu wa California ambaye watafiti walimtoa kwenye kijito chake wakampeleka ng'ambo ya mlima. Wengi walirudi, kufika sehemu ile ile ya kijito, wengine baada ya zaidi ya mwaka. Hata wasioona walirudi, na inaelekea walifuata harufu.

#34 Mghanga_Voi
Kuna nyuti wa mashariki ya Marekani mwenye maisha matatu. Anazaliwa majini, kisha hutoka akiwa mwekundu kama pilipili na kutembea msituni miaka miwili mitatu au zaidi, kisha hugeuka tena rangi ya zeituni, mkia ukapanuka, akarudi dimbwini mpaka mwisho wake. Lazima kitu fulani ndani yake chajua njia ya maji.

#35 KijanaWaTudor
Kujua njia si kukumbuka. Njiwa pia ajua njia.

#36 Mwanatanga
Kwetu Tanzania kuna chura wa Kihansi ambaye hana la kukumbuka. Huzaa watoto kamili, wadogo mno, bila kupita kiluwiluwi. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipogeuziwa bwawa la umeme akapotea, mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakilelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani. Wale waliorudishwa walizaliwa ndani ya sanduku la kioo Marekani. Manyunyu yale waliyajuaje?

#37 NahodhaMstaafu
Mimi sikumbuki siku nilipojifunza Kiswahili, wala kutembea. Lakini nasema na natembea. Huenda chura ni hivyo. Hakumbuki kuogelea kwa mkia, ila mwili wake haukusahau maji.

#38 DadaChangamwe
Mzee, hilo nitalichukua.

#39 KijanaWaTudor
Bado sijashawishika, lakini nimeanza kuwaza.

#40 BabaZahra
Nimemsomea Zahra majibu yote, la mwalimu, la nahodha na la kijana. Akasikiliza, akasema watu wazima hawajui, basi atamuuliza chura mwenyewe. Alilolishika ni la harufu. Kila asubuhi sasa atia jani moja la rihani kwenye beseni la viluwiluwi. Asema wakishakuwa vyura ataweka rihani upande mmoja wa bustani na mwarobaini upande wa pili, aone wataenda wapi.

Leo alfajiri mmoja ametoa miguu ya nyuma. Amenizuia nisiende kazini mpaka nimeihesabu.

#41 MwalimuMtongwe
Mwambie baadhi awatie beseni la pili, lisilo na rihani. Ataelewa kwa nini.

#42 BabaZahra
Nilipomwambia alikuwa ameshalitafuta beseni.

#43 MamaSwabra
Mtujulishe wakitoa ya mbele. Swabra auliza tangu asubuhi.